Kidoti Anasubiri Kupokelewa

Kidoti alizaa Jumapili kulipopambazuka, na nyumba ya Naftali ikamshukuru Mungu mapema mno. Ndama alikuwa jike, mweusi kama mama yake, na hata lile doa jeupe la kwenye paji alikuwa nalo. Hanna alimfuta kwa gunia kavu huku akiimba pambio, na mumewe akasema leo wataenda ibada ya pili, waingie kanisani na habari njema. Jua lilipopanda kidogo juu ya kijiji cha Kikwe, ng'ombe akalala chini na hakutaka kuinuka tena.

Haikuwa kulala kwa kupumzika. Aligeuza shingo akaegemeza kichwa ubavuni, masikio yakawa ya baridi, na alipowekewa majani mabichi mbele ya mdomo hakuyatazama. Naftali alimsukuma, akamwita jina, akamvuta mkia. Hanna alikuwa ameshafika barabarani, kanga moja kiunoni na nyingine begani, anakimbilia kituo cha ushirika wa maziwa.

Daktari wa mifugo wa ushirika, kijana mrefu aitwaye Yiamat, alikuwa pale akinywa chai. Alimsikiliza Hanna, akauliza kama masikio ni ya baridi, kisha akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni homa ya maziwa, mama. Dawa yake ipo. Chupa ya kalsiamu kwenye mshipa na atasimama mbele ya macho yako. Lakini haingoji. Mchana ukimkuta bila dawa, mimi sitoi ahadi."

"Asante Yesu," alisema Hanna, na kwa mara ya pili asubuhi hiyo shukrani ikawa imetangulia.

Stoo ya dawa ilikuwa na dirisha dogo lenye nondo, na nyuma ya nondo alikaa Anyesi. Anyesi hakuwa na ubaya na mtu, ila Mungu alimpa sauti isiyojua kunong'ona. Aliingiza namba ya hereni ya sikioni mwa Kidoti kwenye kompyuta, akangoja, akaingiza tena.

"Mama Prosper, huyu hawezi kutolewa dawa."

"Kwa nini?"

"Hali yake hairuhusu. Hapa imeandikwa: ameuzwa, anasubiri kupokelewa. Kwani mlimuuza?"

Wanachama waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao za maziwa walisogelea dirisha wote, maana habari ya ng'ombe wa jirani ni tamu kuliko ya kwenye redio. Hanna alisogeza uso kwenye nondo.

"Yuko bandani kwangu, Anyesi. Amezaa leo. Wewe si unapita pale kila siku unamwona?"

"Mimi namwona. Mfumo ndio haumwoni. Nikitoa chupa kwa ng'ombe asiye na mwenyewe, mwisho wa mwezi inakatwa kwangu."

"Asiye na mwenyewe," alirudia mama mmoja nyuma, taratibu, ili asisahau maneno hayo akifika nyumbani.

Yiamat alifungua begi lake akamwonyesha Hanna: sindano, mipira ya dripu, kipimajoto. Chupa hakuna. Angekuwa nayo, alisema, angeiweka tu, wamfukuze wakitaka. Lakini tangu familia mbili zilipofikishana barazani kwa ng'ombe aliyetibiwa akiwa bado anagombaniwa, dawa zote zilifungiwa stoo, na stoo ikafungiwa ndani ya mfumo. Maduka ya dawa za mifugo kule barabara kuu yalikuwa na makufuli. Wenyewe walikuwa kanisani.

Aliyetoka ofisini kwa aibu ya kusikia yote hayo alikuwa Diana, binti aliyesomea kompyuta Arusha mjini, ambaye kazi yake ni kuandikisha ng'ombe wa wanachama. Alichukua tableti yake.

"Twende nyumbani, mama," alisema. "Haya hayasemwi dirishani."

Wakapanda pikipiki ya daktari watatu, mshikaki, na foleni yote ikawasindikiza kwa macho.

*

Naftali aliwapokea mlangoni mwa banda na swali moja.

"Dawa iko wapi?"

"Shikamoo, baba," alisema Diana.

"Marahaba. Dawa iko wapi?"

Yiamat alipita moja kwa moja, akapiga magoti kwa Kidoti, akaweka sikio kifuani mwake. Diana akabaki na kazi ngumu zaidi.

"Baba, kwenye mfumo kila ng'ombe ana hali aliyomo. Akizaliwa ni ndama. Akikua ni mtamba. Akishika mimba anaandikwa hivyo, na akizaa anaingia wa kukamuliwa. Kila hali ina yake inayoyaruhusu. Mtamba hapokelewi maziwa, na aliyekufa hapewi chanjo. Sasa Kidoti yuko kwenye hali ya kuuzwa, na mnunuzi hajampokea. Hapo katikati hana mwenyewe. Hapewi dawa, maziwa yake hayapokelewi, na hata huyu ndama siwezi kumwandika."

"Hana mwenyewe," alisema Naftali. "Na mimi hapa ni nani? Mpita njia?"

Aliyeelewa haraka ni Hanna. "Ni kama kanisani," alisema. "Mtoto anaweza kuwa mwema kumzidi mwinjilisti, lakini bila kipaimara hasogei meza ya Bwana. Na kijana akishatangazwa ndoa, si mseja tena wala bado si mume."

"Ndiyo hivyo, mama. Kidoti ametangazwa, hajafungishwa."

"Nani aliyemtangaza?" aliuliza Naftali.

Hanna alitazama chini. "Ni mimi."

Wakati wa mavuno Hanna alikuwa na nadhiri ya kutimiza. Mguu wa mumewe ulikuwa ukatwe. Madaktari walikuwa wameshasema. Hanna akamwambia Mungu kwamba mguu ukipona, Kidoti ni wake. Mguu ukapona. Basi siku ya sikukuu ya mavuno akamfunga Kidoti kamba, akampeleka mwenyewe mpaka kanisani, akamsimamisha pamoja na mikungu ya ndizi, kuku na trei za mayai. Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa Elinipa akaanza mnada pale nje kama ilivyo desturi. Utaratibu wa huku kila mtu anaujua: fedha za kilichonadiwa ni za Bwana, na mnunuzi mwenye moyo anaweza kumrudishia mtoaji kitu chake. Lakini warudishwao ni kuku. Ng'ombe hakuna aliyewahi kumwona akirudishwa.

Aliyemnunua Kidoti ni Sifaeli, mstaafu wa serikali anayeishi Njiro, mjini Arusha, kaka yake Naftali wa tumbo moja. Aliwashinda wachuuzi wote, akasema, "Mrudishieni mama," akaingia kwenye gari lake akaondoka. Naftali hakufungua mdomo. Walikuwa hawasemezani tangu walipogawana shamba la kahawa la baba yao huko juu mlimani, na masale, ile mimea inayopandwa mpakani, yakasogea kuingia upande wa Naftali wakati Sifaeli anatafuta hati. Naftali alimswaga ng'ombe kurudi nyumbani akijisemea kwamba kaka yake hakununua ng'ombe. Alinunua aibu ya mdogo wake mbele ya usharika mzima.

Baadaye, kwenye mkutano wa ushirika, wanachama wakaulizwa kama kuna yeyote mwenye mabadiliko ya mifugo. Mtu mwingine angenyamaza. Hanna, ambaye kunyamaza penye ukweli kwake ni uongo mdogo, akanyoosha mkono akasema Kidoti ameuzwa, akataja na mnunuzi, akatoa na namba yake ya simu.

"Mama alisema yote," alisema Diana kwa sauti ya mtu anayejuta. "Hata kwamba mlirudishiwa. Nilitafuta mahali pa kuliandika hilo nikakosa. Mfumo unajua kuzaliwa, kununuliwa, kuuzwa, kuibiwa na kufa. Kurudishiwa kwa upendo haukujui. Nikaandika mpaka pale panapoandikika, nikidhani mnunuzi atajibu. Naomba mnisamehe."

Na kwa kuwa wakati ule Kidoti alikuwa ameshaachishwa kukamuliwa, hakuna maziwa yaliyokwenda kituoni, na hakuna aliyegundua.

"Sasa inafunguliwaje?" aliuliza Yiamat kutoka chini. Alikuwa anampapasa ng'ombe tumboni na uso wake haukuwa mzuri.

"Mnunuzi ana ujumbe kwenye simu. Akibonyeza mbili, amekataa. Hapo hapo Kidoti anarudi kwenu, kana kwamba hakuuzwa. Akibonyeza moja, amempokea, anakuwa wake. Lakini kupokea ni lazima afike, nimpige picha na ng'ombe."

"Basi akatae," alisema Naftali. "Ni kidole tu. Akatae, yaishe."

Alilisema kwa haraka, na ukweli ni kwamba lilimfurahisha. Mbili ingemrudishia ng'ombe wake bila fadhila ya mtu. Mnada wote ungefutika, na lile gari likiondoka uwanjani lingefutika nalo.

"Hapana," alisema Hanna.

"Mama Prosper, ng'ombe anakufa."

"Namwona." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi ndiye ninayemlisha, mimi ndiye ninayemfagilia. Usiniambie kwamba anakufa. Lakini nilimtoa. Nilisimama na kamba mkononi nikasema, Bwana, huyu ni kwa ajili ya mguu. Leo ikaandikwe kwamba hakutolewa? Na huo unaousimamia umetoka wapi?"

Naftali aliutazama mguu wake. Ulikuwa ndani ya buti la mpira, mzima, umekanyaga samadi imara kama mwenzake.

*

Namba ya Sifaeli alikuwa nayo Hanna. Naftali alikwisha kuifuta kwenye simu yake. Hanna alipiga, akaweka sauti ya nje, akasimama katikati ya banda.

"Bwana asifiwe, shemeji."

"Amina, shemeji Hanna. Habari za huko?"

Hanna akamweleza: kuzaa, homa, dirisha, moja na mbili. Sifaeli hakumkatiza.

"Ujumbe huo ninao," alisema mwishowe. "Kila wiki wananikumbusha. Mbili siwezi kubonyeza, shemeji. Kitu kimeshatolewa kwa Mungu, mimi nani nikikatae? Ningekuwa nimeitemea mate sadaka yako."

"Na moja?"

Diana akatazama simu akidhani mtandao umekatika.

"Moja niliogopa," alisema Sifaeli. "Ningebonyeza, ng'ombe angekuwa wangu kwa maandishi. Naftali angesema, kaka alianza na mpaka, sasa amekuja na ng'ombe. Nimekaa na ujumbe huu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Nipe nimsikie yeye. Akisema nije, nitakuja."

Hanna akamnyooshea mumewe simu. Naftali hakuipokea. Yiamat akajifanya anatafuta kitu kwenye begi, na Diana akageukia ukuta. Kidoti alikoroma kidogo, sauti nyembamba ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

Kuna watu ambao kubeba gunia la mahindi mgongoni kwao ni rahisi kuliko kubeba neno moja ulimini, na Naftali alikuwa mmoja wao. Alijua kitu anachoombwa. Ampe kaka yake, kwa maandishi na kwa picha, kitu pekee cha thamani kilichobaki katika nyumba yake, na kisha amwamini. Kama ni kumwamini, angekuwa amemwamini tangu enzi za masale. Akachukua simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Naftali."

"Njoo umpokee ng'ombe wako."

*

Sifaeli alifika na suti ya kanisani na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na hakuviangalia alipovizamisha kwenye tope la mlangoni. Alikuwa amenenepa tangu mavuno, au pengine Naftali hakuwa amemtazama vizuri siku ile.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Yiamat, na safari hii hakuna aliyeuona msemo huo kuwa wa adabu tu.

Ndugu wawili walishikana mikono. Kazi ikawaokoa. Diana alitaka uso wa mpokeaji na namba ya hereni vionekane pamoja, kwa hiyo Sifaeli akachuchumaa kwenye samadi, akashika sikio la Kidoti.

"Samahani, baba, hereni haionekani. Sogea kidogo. Kidogo tena."

Akasogea mpaka akawa amemkumbatia ng'ombe shingoni, suti na yote. Picha ikapigwa. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akavaa miwani, akamtazama mdogo wake juu ya miwani.

"Nibonyeze?"

"Bonyeza, kaka."

Akabonyeza moja. Kiduara kwenye tableti ya Diana kikazunguka tu, maana mtandao wa Kikwe una mapenzi yake. Diana akatoka mbio mpaka chini ya mparachichi, akainyanyua tableti juu, akasimama hivyo kwa muda uliomtosha Hanna kusali Baba Yetu mpaka amina. Kisha wakamsikia anaongea na stoo, na sauti ya Anyesi ikatoka kwenye simu hadi bandani bila msaada wa kitu chochote.

"Namwona. Yuko kwa Sifaeli. Amezaa leo. Daktari aje achukue chupa."

Pikipiki ya Yiamat ilikuwa imeshawashwa.

Aliporudi, walipasha chupa kwenye maji ya moto. Yiamat akatafuta mshipa wa shingo, akaupata, akachoma sindano na kuunganisha mpira wa dripu.

"Mmoja ashike chupa. Isipande sana, dawa ikikimbia inasimamisha moyo. Polepole."

Sifaeli akaishika kwa kuwa ndiye mrefu. Naftali alikaa chini na kichwa cha Kidoti mapajani. Hapakuwa na la kufanya tena zaidi ya kuangalia dawa inashuka, na hapo ndipo maneno hupata nafasi, mtu apende asipende.

"Kaka," alisema Naftali, akiongea na masikio ya ng'ombe, "siku ile ya kanisani sikukushukuru."

"Niliondoka mapema."

"Uliondoka kwa sababu ulijua sitakushukuru."

"Nilijua," alisema Sifaeli. "Mzee niliyekuwa namfikiria siku ile ni baba. Nilijiambia, angekuwapo asingekubali ng'ombe wa mguu wako aende kwa mchuuzi. Hayo ya mpaka tutayasema, Naftali. Tutapanda kule juu tukayaseme penyewe. Leo njoo ushike chupa, mkono umekufa ganzi."

Naftali alimkabidhi Hanna kichwa cha ng'ombe, akainuka, akapokea chupa. Walisimama wote wawili wakiwa wameitazama, vichwa juu, kama watu wanaongoja mvua.

"Asante," alisema Naftali. Alilisema waziwazi, daktari na Diana wakasikia, na alipolisema aliona limekuwa dogo kuliko alivyodhani miezi yote ile.

Kidoti akacheua. Mwili ukaanza kumtetemeka kuanzia mabegani, masikio yakacheza, na akatoa samadi nyingi ambayo Yiamat aliifurahia kuliko mtu wa kawaida anavyopaswa kufurahia. Kisha akakunja miguu ya mbele, akajisukuma, akaanguka, akajisukuma tena, akasimama. Alisimama vibaya, amejitanua kama meza mbovu, lakini alisimama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumtafuta ndama wake.

"Asante Yesu," alisema Hanna, na safari hii shukrani ilifika kwa wakati wake.

Diana hakuwa amemaliza. "Sasa naweza kumwandika ndama. Anaitwa nani?"

"Muulize mwenye ng'ombe," alisema Naftali.

Sifaeli alitazama viatu vyake, akatazama suti, akacheka. "Mwandike Njiro. Angalau mmoja wetu wa Njiro azoee samadi."

*

Sifaeli alitaka kumrudisha Kidoti kwa mdogo wake siku ile ile, bado wamesimama bandani. Mfumo ukakataa. Ng'ombe aliyetoka kutibiwa na mwenye ndama anayenyonya habadilishi mwenyewe mpaka ndama aachishwe; kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wale wanaouza wagonjwa kwa watu wasiojua. Sifaeli aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Ndicho kitu alichokuwa anakiogopa tangu mwanzo.

"Si yuko hapa?" alisema Naftali. "Atakula majani ya nani kama si ya kwangu? Kaa unywe chai."

Haikuwa rahisi kama alivyoisema. Kila asubuhi Naftali alipoweka ndoo mezani pale kituoni, Anyesi alisoma kwa sauti yake ile, "Kidoti wa Sifaeli," na foleni ikasikia. Jirani mmoja akamuuliza kama siku hizi amekuwa mchungaji wa kaka yake, na analipwa kwa mwezi au kwa mwaka. Mwingine akasema aliona tangu zamani kwamba yule wa Njiro hatoi kitu bure. Naftali alikuwa anafika nyumbani amenuna, anakula ugali bila kuuonja. Hanna akamkumbusha: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na hao wote wa foleni wameshika kapu mkono mmoja na jembe mkono mwingine, hawajui watumie lipi.

Fedha za maziwa ziliingia kwa Sifaeli, na Sifaeli akazituma kwa Hanna zote, akiweka na ada ya kutolea. Lakini kabla ya fedha kulikuwa na ujumbe. Kila maziwa ya Kidoti yalipopokelewa, mfumo ulimwandikia mwenye ng'ombe ni lita ngapi. Asubuhi ya kwanza Sifaeli aliupata akiwa anakunywa chai Njiro, akaona si haki yeye ajue na aliyekamua asijue, akapiga simu.

"Wameandika lita sita, Naftali. Ndivyo?"

"Ndivyo, kaka."

"Haya. Nilitaka tu uhakika."

Kesho yake akapiga tena. Kwa siku za mwanzo walisema lita na kuagana. Baadaye Naftali akaanza kueleza kwa nini zimepungua, majani yamekauka, na Sifaeli akauliza kuhusu pumba, kutoka pumba wakafika kwenye mvua, na kutoka mvua wakafika kwenye kahawa ya baba yao. Jumamosi moja walipanda kule juu pamoja. Walirudi jioni na tope la mlimani kwenye viatu, na Hanna hakuambiwa masale yalihamishwa wapi. Aliona tu kwamba Naftali alikula akaomba aongezwe.

Siku Njiro alipoachishwa maziwa, Diana alikuja na tableti yake, amechangamka kama mtu anayelipa kitu kilichomsumbua muda mrefu.

"Shikamoo, baba. Leo hali yake inaruhusu. Baba Sifaeli akibonyeza, Kidoti anarudi kwenye jina lako. Anyesi hatamwita tena kwa lile jina."

Naftali alikuwa anakata majani. Aliacha panga.

"Nikirudishiwa, ule ujumbe wa maziwa utakwenda wapi?"

"Kwako, baba. Kwenye simu yako."

"Na kwa kaka?"

"Kwake hautakwenda. Hatakuwa mwenye ng'ombe."

Naftali alimtazama Kidoti, ambaye alikuwa anatafuna bila habari na mtu. Hanna alikuwa mlangoni na chungio la chai mkononi, akageuka kwenda kuongeza kikombe.

"Mwache kwanza," alisema Naftali.

"Lakini baba, ni wako. Si ndicho mlichokuwa mnangoja?"

"Ni wangu, najua. Na kaka anajua. Wewe mwache hapo alipo, mwanangu. Njoo unywe chai."

Asubuhi iliyofuata alikamua, akapeleka ndoo kituoni, akasimama wima wakati Anyesi anamwita Kidoti wa Sifaeli, akarudi nyumbani. Alivuta kigoda akakaa penye jua, akaweka simu gotini. Haikuchukua muda ikaita.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo wameandika lita nane na nusu. Imepanda."

Naftali alijua ni lita nane na nusu. Yeye ndiye aliyezikamua, na yeye ndiye aliyezipeleka.

"Kumbe," alisema. "Hebu nisomee tena."